Washairi wa Bombay: Kalamu Zilizoandika Nyimbo za Filamu za Kihindi

Mwaka 1957 muziki wa filamu ya Chori Chori uliwapatia Shankar na Jaikishan tuzo ya Filmfare, iliyokuwa na heshima kubwa katika sinema ya Bombay. Jaikishan akamwendea Lata Mangeshkar kumwomba aimbe mmoja wa nyimbo za filamu hiyo usiku wa sherehe. Lata akakataa. Tuzo ni ya mtunzi wa muziki peke yake, alisema. Mwimbaji hana fungu, wala aliyeandika maneno hana. Basi na upigwe muziki mtupu, watu wausikilize hivyo hivyo. Maneno hayo yaliwafikia wahusika. Katika sherehe ya 1959 tuzo mbili zikaongezwa. Ya mwimbaji aliichukua Lata mwenyewe, na ya mtunzi wa maneno ikamwendea Shailendra, mtu aliyekuwa fundi katika karakana ya reli kabla hajaijua sinema.

Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti ilikuwa imetoka miaka 28 kabla ya hapo. Muda wote huo watu wa India walichumbiana, walioana, walidai uhuru na kulilia wafu wao kwa maneno ya watunzi ambao majina yao hayakutajwa redioni, na mara nyingi hata kwenye santuri hayakuandikwa.

Huku kwetu pwani hatukufanya vizuri zaidi. Waliokulia kwenye majumba ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wanamjua Raj Kapoor na Nargis, wanazitofautisha sauti za Rafi na Mukesh kabla ya beti ya kwanza kwisha, na wako wanaoziimba nyimbo za Awaara mwanzo hadi mwisho bila kukijua Kihindi. Waulize nani aliziandika, watakwambia ni Raj Kapoor. Ndiyo maana nataka kuisimulia historia hii kutokea upande wa kalamu. Zama tunazoziita za dhahabu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1970, zilikuwa za dhahabu kwa sababu washairi wa kweli, wenye diwani zao na majina yao barazani, walikubali kuandika kwa kuagizwa. Waimbaji wazuri walikuwapo kabla yao na wamekuwapo baada yao. Washairi wa aina hiyo hawakupata kukusanyika tena wengi namna ile mahali pamoja.

Tuanze na tarehe 14 Machi 1931, jumba la Majestic mjini Bombay, ilipoonyeshwa Alam Ara ya Ardeshir Irani. Ilikuwa na nyimbo saba. Filamu yenyewe imepotea. Hakuna nakala iliyobaki. Mwaka uliofuata ikatoka Indra Sabha yenye nyimbo zipatazo 70, na hapo ndipo asili ya jambo hili inapoonekana wazi. Indra Sabha ulikuwa mchezo wa kuigiza wa Kiurdu uliotungwa Lucknow katikati ya karne ya 19 na Agha Hasan Amanat, zama za Nawabu Wajid Ali Shah. Makampuni ya maigizo ya Waparsi yaliuchukua yakauzungusha India nzima. Sinema ilipopata sauti, iliwarithi waandishi wa makampuni hayo pamoja na mazoea yao: hadithi haiendi bila wimbo, na mwandishi ni mwajiriwa wa mshahara wa mwezi kama karani mwingine yeyote.

Siku hizo mwigizaji aliimba mwenyewe, papo hapo mbele ya kamera, na wapigaji wamejificha nyuma ya miti au mapazia. Wimbo ukawa na mipaka ya pumzi ya mwigizaji. Mwaka 1935 studio ya New Theatres ya Calcutta ilitengeneza Dhoop Chhaon, ambamo sauti zilirekodiwa kwanza na waigizaji wakafuatisha kwa midomo. Jambo hili husimuliwa kama habari ya waimbaji, na ni kweli kwamba bila hilo tusingewajua Lata na Rafi. Lakini lilimfungua na mtunzi wa maneno pia. Sasa angeweza kuandika sentensi ndefu, silabi ngumu, wazo linaloanza mstari huu na kumalizikia mstari wa tatu, akijua kwamba aliye mbele ya maikrofoni ni fundi wa sauti.

Kizuizi kilichobaki kilikuwa santuri. Upande mmoja ulibeba dakika tatu na ushei. Ndani ya dakika hizo muziki wa kuanzia ulitaka nafasi yake, vipande vya ala vya katikati vilitaka yao, na kibwagizo kilirudiwa. Mtunzi alibakiwa na beti mbili, pengine tatu. Washairi waliozoea kusoma shairi refu mbele ya hadhira inayopaza sauti ya kusifu kila mstari walilazimika kujifunza kusema jambo zima kwa mistari isiyozidi kumi na mitano. Wengi walishindwa, wakarudi walikotoka.

Kabla ya uhuru kulikuwa tayari na dalili kwamba maneno hayo yanaweza kuwa silaha. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Kavi Pradeep aliandikia filamu ya Kismet wimbo unaowaambia wageni waondoke, India si yao. Wakaguzi wa Kiingereza waliupitisha kwa kuwa ulionekana kuwalenga Wajerumani na Wajapani. Wananchi hawakuhitaji kufafanuliwa mgeni ni nani. Kismet ilikaa zaidi ya miaka mitatu katika jumba moja la Calcutta, na serikali ilipozinduka Pradeep akalazimika kujificha asikamatwe. Miaka 20 baadaye, Januari 1963, baada ya India kushindwa na China mpakani, ni Pradeep huyu huyu aliyeandika wimbo wa kuwakumbuka askari ambao Lata aliuimba mjini Delhi mbele ya Nehru, na waziri mkuu akatokwa na machozi.

Wimbi kubwa lilikuja baada ya vita. Studio zenye kulipa mishahara zilianza kufilisika, wakaingia matajiri waliotajirika vitani wakitaka kutengeneza filamu moja moja. Mtunzi akawa kibarua wa kujitegemea, analipwa kwa wimbo au kwa filamu. Hapo hapo Bombay ilikuwa imejaa washairi vijana wa Kiurdu na Kihindi waliofuata Jumuiya ya Waandishi wa Maendeleo, iliyofanya mkutano wake wa kwanza Lucknow mwaka 1936. Hawa walikuwa watu wa mrengo wa kushoto, wengine wakomunisti wenye kadi, walioamini kwamba shairi lina deni kwa mkulima na mfanyakazi. Tatizo lao ni kwamba mkulima na mfanyakazi hawakuweza kusoma. Sinema ikawapa sikio ambalo diwani isingewapa kamwe. Iliwapa na kodi ya nyumba, na sidhani kama yeyote kati yao angeona haya kulitaja hilo la pili kwanza.

Shailendra ni mfano mzuri wa yote mawili. Alizaliwa Rawalpindi mwaka 1923 katika ukoo wenye asili ya Bihar na tabaka la chini, akaajiriwa katika karakana ya reli ya Matunga, Bombay, na jioni akawa akisoma mashairi kwenye mikutano ya wasanii wa kushoto. Raj Kapoor, aliyekuwa akitengeneza filamu yake ya kwanza, alimsikia akisoma shairi kuhusu Punjab inayoungua katika mauaji ya kugawanywa kwa nchi. Akataka kulinunua. Shailendra akamjibu kwamba mashairi yake hayauzwi. Baadaye mkewe akawa mjamzito na nyumbani hamna kitu. Akaenda mwenyewe ofisini kwa Raj Kapoor kuomba kazi. Alipewa rupia 500, akaandika nyimbo mbili za filamu ya Barsaat ya 1949. Tangu hapo hadi alipofariki hakuachana na kambi ya Raj Kapoor. Mwenziwe katika kambi hiyo, Hasrat Jaipuri, aliyeandika wimbo ule ambao Lata alikataa kuuimba jukwaani, alikuwa kondakta wa basi.

Kipaji cha Shailendra kilikuwa wepesi. Aliandika kwa maneno ambayo mchuuzi wa mboga anayasema kila siku, na bado ukiyatazama unakuta falsafa ndani yake. Wimbo wa kijana mzururaji katika Awaara ya 1951 ulifika Urusi filamu hiyo ilipoonyeshwa huko 1954, na ule wa Shree 420 ya 1955, wa kijana anayejigamba barabarani kwa mavazi ya nchi za watu huku moyo wake ukiwa wa kwao, ukawa kama utambulisho wa India huru. Lakini wepesi huo haukuwa wa kumdharau msikilizaji. Kuna kisa cha wimbo wa mapenzi wa filamu hiyo ya pili, ule wa mwavuli mmoja na mvua. Shailendra alitaja humo pande kumi za dunia, hesabu ya Kihindi cha kale inayojumlisha pande nane za dira pamoja na juu na chini. Jaikishan akapinga: watu wanajua pande nne, hizo kumi watazitoa wapi? Shailendra hakubadilisha hata neno. Kwa maoni yake kazi ya msanii ni kuwainua wasikilizaji kidogo kutoka walipo. Wimbo ukatoka na pande zake kumi, ukapendwa na mamilioni, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sahir Ludhianvi alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Jina lake la kuzaliwa ni Abdul Hayee, mwana wa kabaila wa Ludhiana ambaye mama yake alimwacha mume huyo tajiri na kuondoka na mwanawe. Mtoto akakua na chuki mbili ambazo hazikumtoka, ya wenye mali na ya wanaume wanaonunua wanawake. Diwani yake ya kwanza, Talkhiyan, ilimpa umaarufu akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Baada ya nchi kugawanywa alikuwa Lahore, akihariri jarida la mrengo wa kushoto, mpaka serikali ya Pakistan ilipoanza kumtafuta. Mwaka 1949 akavuka kuja India na hatimaye akatua Bombay. Miaka miwili baadaye, filamu za Naujawan na Baazi zikamweka juu pamoja na mtunzi wa muziki S. D. Burman.

Kilele chao kilikuwa Pyaasa ya Guru Dutt, 1957, hadithi ya mshairi ambaye hakuna mchapishaji anayemtaka hadi ivume habari kwamba amekufa. Ndani yake kuna tukio la shujaa kupita mtaa wa makahaba akiwa amelewa, akiimba. Shairi lile Sahir alikuwa amelichapisha miaka zaidi ya kumi kabla, katika diwani yake, na kibwagizo chake kilikuwa cha Kiurdu kizito kilichojaa Kiajemi, cha kuwauliza wasifu wa utakatifu wa Mashariki wako wapi. Barazani kibwagizo hicho kilitikisa watu. Katika sinema nusu ya hadhira isingekielewa. Sahir akakitoa, akaweka mahali pake swali la maneno mepesi kwa wale wanaojivunia India. Beti nyingine akazipunguza, nyingine akazilainisha, na ngazi za giza na milango ya vyumba akaviacha kama vilivyokuwa. Linganisha matini hizo mbili upate somo zima la utunzi: shairi la filamu halikupungua ukali hata kidogo, na kwa maoni yangu liliongezeka, kwa sababu sasa swali lilikuwa likiulizwa taifa lililopata uhuru miaka kumi tu nyuma.

Pyaasa ndiyo ilikuwa filamu ya mwisho ya Sahir na Burman. Sahir alikuwa akisema waziwazi kwamba sifa za nyimbo zile ni za maneno, na Burman hakuwa mtu wa kulimeza hilo. Inasimuliwa pia kwamba Sahir aliwadai watayarishaji wamlipe rupia moja zaidi ya alizolipwa Lata kwa kila wimbo. Kwa hesabu ya fedha ni upuuzi, kwa hesabu ya heshima ni tangazo la vita. Sifa ya redio ya taifa ya India kuanza kutaja jina la mtunzi wa maneno kila wimbo unapopigwa hupewa yeye. Hakuwa mtu rahisi kuishi naye. Lakini kila mtunzi aliyekuja baada yake alipata kitu kutokana na kiburi kile.

Majrooh Sultanpuri alikuwa tabibu wa tiba ya Kiyunani kabla mashairi hayajamshinda nguvu. Alikuja Bombay 1945 kusoma kwenye baraza la mashairi, akapata kazi ya filamu ya Shahjehan ya 1946, ambamo K. L. Saigal, nyota mkubwa wa uimbaji wa zama za kwanza, aliimba maneno yake miezi michache kabla ya kufariki. Miaka michache baada ya uhuru Majrooh alisoma mbele ya wafanyakazi shairi la kumkejeli Nehru. Akaambiwa aombe radhi. Akakataa, akafungwa. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kuandika nyimbo nyepesi za vijana, za magari, vilabu na kutaniana, kwa miongo mitano. Mwaka 1988, akikaribia umri wa miaka 70, aliandika nyimbo za Qayamat Se Qayamat Tak ambazo vijana wa wakati huo walidhani zimeandikwa na rika lao. Mwaka 1993 akawa mtunzi wa maneno wa kwanza kupewa tuzo ya Dadasaheb Phalke, ya juu kabisa katika sinema ya India.

Shakeel Badayuni hakuwa wa kambi ya siasa. Alisoma Aligarh, akafanya kazi serikalini Delhi, kisha akaja Bombay kuandika mapenzi, na mapenzi ndiyo aliyoyaandika hadi mwisho pamoja na mtunzi wa muziki Naushad. Kwa filamu ya Baiju Bawra ya 1952 wawili hao walitunga wimbo wa ibada ya Kihindu, wa mja anayetamani kumwona Mungu wake Hari, na Mohammed Rafi akauimba. Aliyeandika Mwislamu, aliyeweka mahadhi Mwislamu, aliyeimba Mwislamu, na hadi leo ni miongoni mwa nyimbo za ibada zinazoheshimiwa zaidi India.

Kwa filamu ya Mughal-e-Azam, iliyochukua zaidi ya muongo mmoja kukamilika hadi ikaonyeshwa Agosti 1960, palihitajika wimbo wa mcheza ngoma Anarkali akimkabili mfalme Akbar kwa kukiri mapenzi yake hadharani. Shakeel na Naushad walijifungia usiku kucha. Shakeel aliandika, Naushad akakataa. Akaandika tena, ikakataliwa tena. Karatasi zikajaa sakafuni. Karibu na alfajiri Naushad akakumbuka wimbo wa kienyeji wa mashariki ya Uttar Pradesh, wa msichana anayeuliza kwani kupenda ni wizi. Shakeel akalishika wazo hilo, na kibwagizo kikapatikana. Lililoonekana katika kasri la vioo kuwa maneno ya baraza la kifalme, asili yake ilikuwa shamba.

Lakini kwa kawaida mambo hayakwenda hivyo. Kwa kawaida mahadhi yalitangulia. Mtunzi wa muziki alikaa na kinanda chake cha mkono, akayapiga mahadhi huku akiimba maneno ya ovyo ili kuonyesha mizani, mwongozaji akaeleza tukio lilivyo, na mshairi akatakiwa ajaze. Washairi wengi walilalamika juu ya hilo, Sahir akiwa wa kwanza. Msomaji wa pwani atautambua mtihani huo, maana washairi wetu waliufanya pia. Mombasa, Juma Bhalo alijenga jina lake katika taarabu kwa kuimba Kiswahili juu ya mahadhi ya Kihindi, na nyingi za nyimbo zake zilitungwa na binamu yake, mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo. Mahadhi yalikwisha fika na meli, mizani imekwisha fungwa, na mshairi anatakiwa atie vina na maana. Ahmad Nassir alikuwa na anasa moja ambayo wenzake wa Bombay hawakuwa nayo: hapakuwa na mwongozaji wa filamu juu ya kichwa chake.

Lugha ya nyimbo hizi inastahili neno lake. Katiba ya 1950 ilikifanya Kihindi cha hati ya Devanagari kuwa lugha rasmi ya muungano, na Kiurdu kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa na Pakistan. Shuleni na ofisini Kiurdu kikarudishwa nyuma mwaka hadi mwaka. Lakini katika sinema, ambayo kwa cheti iliitwa ya Kihindi, mpenzi aliendelea kuongea kwa msamiati wa ghazal, na watu kutoka Kashmir hadi Hyderabad wakaendelea kumwelewa. Sahir hakuyanyamazia mambo haya. Serikali ilipoadhimisha miaka 100 ya kifo cha mshairi Ghalib mwaka 1969, alisimama akasoma shairi linalouliza ni adhimisho gani hili la kumpamba marehemu huku lugha yake inanyongwa.

Redio nayo ilikuwa na vita vyake. Mwaka 1952 waziri wa utangazaji, B. V. Keskar, aliyeona nyimbo za filamu zinaharibu ladha ya taifa, alizibana katika redio ya serikali. Wasikilizaji wakahamia Redio Ceylon, ambako kuanzia Desemba mwaka huo Ameen Sayani aliendesha kipindi cha kila wiki cha kuzipanga nyimbo kwa jinsi zinavyopendwa, na masafa mafupi hayajui mipaka. Delhi ilisalimu amri Oktoba 1957 kwa kufungua idhaa ya Vividh Bharati. Waziri alikuwa mtu msomi, mpenzi wa muziki wa jadi, na hakuna aliyemsaidia zaidi Ameen Sayani kuliko yeye.

Nisije nikaonekana nimelewa sifa. Sehemu kubwa ya maelfu ya nyimbo zilizoandikwa miaka hiyo ni takataka: mwezi, mshumaa, nondo anayeungua, moyo uliovunjika, kisha mwezi tena. Hata mabingwa waliandika za kulipia kodi. Na kuna kasoro kubwa zaidi isiyotajwa sana. Nyimbo za wanawake, kuanzia bibi harusi hadi mjane, ziliandikwa karibu zote na wanaume. Lata na dada yake Asha waliimba uchungu wa kike uliobuniwa na washairi wa kiume, vizuri mno mara nyingi, lakini watunzi wa kike wa maneno, kama Maya Govind aliyeingia miaka ya 1970, wanahesabika kwa vidole.

Kizazi hicho kiliondoka kwa awamu. Shailendra aliweka fedha zake zote na za mikopo katika Teesri Kasam, filamu ya kishairi juu ya mwendesha mkokoteni wa ng'ombe na mcheza maigizo. Ilitoka 1966, haikuuza, na mnamo Desemba 14 mwaka huo huo, siku ya kuzaliwa ya Raj Kapoor, akafariki akiwa na miaka 43. Baadaye filamu hiyo ilipata tuzo ya taifa. Shakeel alifariki 1970, Sahir 1980. Katikati hapo sinema yenyewe ilibadilika: Zanjeer ya 1973 ilimleta Amitabh Bachchan mwenye hasira, na mtu mwenye hasira haimbi sana.

Aliyeibeba kazi katika miaka hiyo ni Anand Bakshi, mzaliwa mwingine wa Rawalpindi, aliyekuwa askari kabla ya kuja Bombay kutafuta riziki na kupata hifadhi nyumbani kwa mkaguzi wa tiketi za treni aliyependa mashairi yake. Aliandika nyimbo zaidi ya 3,000, kuanzia Aradhana hadi Sholay hadi Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995. Wahakiki walimwona mtengenezaji tu, asiye na diwani. Mimi naona walimwonea. Bakshi aliandika jinsi watu wanavyoongea, na kuandika hivyo ndani ya mizani ya mtu mwingine ni ufundi ambao wenye diwani wengi walishindwa.

Upande mwingine alisimama Gulzar, aliyekuwa akigusa rangi magari yaliyopata ajali katika gereji ya Bombay, na aliyeingia kwenye Bandini ya 1963 kwa sababu Shailendra na S. D. Burman walikuwa wamekosana. Yeye alivunja mizani yenyewe. Alipompelekea mtunzi wa muziki R. D. Burman maneno ya wimbo wa Ijaazat ya 1987, orodha ya vitu alivyovisahau mpenzi aliyeachwa, bila kina hata kimoja, Burman alimwambia: kesho utaniletea gazeti nilitie muziki. Wimbo ule uliwapatia Gulzar na Asha Bhosle tuzo ya taifa. Mwaka 2009 Gulzar alichukua Oscar pamoja na mtunzi wa muziki A. R. Rahman.

Heshima ilikuja basi, fedha zilichelewa. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba mtayarishaji wa filamu aliyelipia wimbo ndiye mmiliki wake, na mtunzi hana dai tena upigwe mara ngapi. Watoto wa washairi waliona nyimbo za baba zao zikiuza sabuni na simu bila wao kupata senti. Javed Akhtar, mtunzi na mwana wa mtunzi Jan Nisar Akhtar, alipoteuliwa bungeni 2010 aliishika hoja hiyo, na mwaka 2012 sheria ya hakimiliki ikarekebishwa: mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki wana haki ya mrabaha kila wimbo unapotumika nje ya jumba la sinema, na haki hiyo hawawezi kuiuza hata wakitaka, isipokuwa kuirithisha au kuikabidhi kwa chama cha kukusanya mirabaha.

Huku kwetu hakuna sheria inayohitajika kwa jambo dogo zaidi. Watangazaji wa redio za pwani wanaotupigia nyimbo hizi hututajia filamu, mwigizaji na mwimbaji. Watuongezee jina moja: Shailendra, Sahir, Shakeel, Majrooh, yeyote aliyeandika. Ni sekunde mbili tu za hewani.